Ukuta Uliokataa Chokaa

Ukumbi wetu wa picha zamani ulikuwa kiwanda cha mikate, na mpaka leo ukiingia asubuhi unasikia njaa. Oveni zilishang'olewa, mashine zikauzwa chuma chakavu, lakini joto sijui lilijificha wapi ndani ya kuta, maana ukiegemea unahisi kama kuna mtu alikuwa amelala hapo na ameamka sasa hivi. Mwanga unaingia kwa juu, kupitia vioo vya paa vilivyofubaa kwa unga wa miaka mingi. Haushuki kama unavyoshuka kwingine. Unakuja taratibu, una usingizi, na vumbi linaelea ndani yake bila haraka ya kutua. Mimi ni fundi cherehani, sina muda wa kuota mchana, lakini kila nikiingia mle nasahau nilichofuata.

Mwenye funguo za mahali hapo ni mkunga mstaafu tunayemwita Mama Funguo. Nusu ya vijana wa mtaa huu aliwapokea yeye walipokuja duniani. Jengo lilipobaki tupu aliwaganda wenye jengo mpaka wakamwachia, akatangaza kwamba ni la wachoraji ambao hawajawahi kuonyeshwa popote. Utaratibu wake ni mfupi. Ukikubaliwa unapewa ukuta mmoja na kiti kimoja. Ukuta ni wako, fanya utakalo, ila siku ya watu kuja lazima ukae kwenye kiti kando ya kazi yako, umjibu kila anayeuliza. Hakuna kujificha chooni. Mchoraji akishikwa na woga, anaambiwa kama walivyokuwa wakiambiwa wazazi wodini: "Pumua kwanza. Kusukuma baadaye."

Mdogo wangu alipewa ukuta wa mwisho, ule uliokuwa nyuma ya oveni. Ni mkata vioo, mrefu, mkimya, mtu anayeweza kula nawe chakula kizima na usijue kama kimemnogea. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiona ukuta mweupe, mkono unamwasha. Na Mungu kwa utani wake akamleta katika nyumba ya fundi chokaa.

Baba yetu amepaka nyumba za watu chokaa maisha yake yote. Kwake ukuta safi ni heshima ya mwenye nyumba, na alama yoyote juu yake, hata iwe ua, ni uchafu. Mdogo wangu akichora jogoo kwa mkaa, baba anarudi kazini, hasemi kitu, anachukua brashi. Mkono wa kwanza wa chokaa, ukikauka mkono wa pili, jogoo kwisha habari yake. Hakuwahi kumpiga. Afadhali angempiga, ingekuwa angalau amemwona. Alifuta tu, kama mtu anavyofuta meza baada ya chai. Sidhani alishawahi kusimama akaangalia kilichochorwa, na hilo lilimkaa mdogo wangu rohoni mpaka akawa mtu mzima mwenye ndevu zake.

Ila kulikuwa na ukuta mmoja uliomshinda baba. Chumbani kwetu watoto palikuwa na sehemu isiyoshika chokaa. Anapaka, inakauka, na mistari ya kijivu inachungulia pale pale. Akakata kauli kwamba ni unyevu. Alikwangua. Aliweka jiko la mkaa chini yake ili pakauke, tukalala sebuleni kwa sababu ya moshi. Alichimba nje kutafuta bomba linalovuja na hakukuta bomba la aina yoyote. Mwisho lawama zikaangukia maua ya mama, yaliyokuwa yamepandwa nje ya ukuta ule ule. Baba akasema mama anayamwagilia kupita kiasi, akayang'oa yote. Mama alisukuma kabati likaziba pale, akaendelea na shughuli zake. Miaka ikapita, mama akafariki, nyumba ile tukaihama, na hadi leo ukimtajia baba neno unyevu anakunja uso kama umemtajia mtu aliyemwibia.

Basi, siku chache kabla ya watu kuja ukumbini, nilipita kumwona mdogo wangu. Kushoto kwake kinyozi wa mtaani alikuwa amejaza ukuta wake visogo vya wateja, vimechorwa vizuri hivi kwamba nilikitambua cha jirani yetu na kovu lake. Kulia muuguzi mmoja alikuwa ametundika ndege wa vifuniko vya chupa za dawa, na kila mlango ukifunguliwa walitikisika wote pamoja. Yeye alikuwa amesimama mbele ya plasta tupu, ya kijivu, haina hata nukta.

"Umekwama?" nikamuuliza.

"Nimemaliza."

Nikamtazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Akanishika mkono akanisogeza pembeni mpaka nikawa pua na mdomo na ukuta, akaniambia niangalie kwa upande, mwanga unapopita. Ndipo nikaona. Kulikuwa na mistari inang'aa kidogo, kama njia ya konokono asubuhi. Ilikuwa mingi, imeenea ukuta mzima kutoka chini hadi juu, lakini nilishindwa kusema ni picha ya nini. Nikisogeza kichwa, inapotea. Nikikirudisha, inarudi mingine.

"Ni mshumaa," akasema. "Chokaa haishiki kwenye nta. Ukuta ukipakwa, penye mistari patabaki kijivu na kwingine kote patakuwa peupe. Picha itatoka yenyewe."

"Nani atapaka?"

Alianza kusafisha kucha zake, zimejaa nta.

"Hapana," nikasema. "Usiniambie."

"Nyuma ya kabati ilikuwa mimi, dada."

Nikakaa kwenye kile kiti chake. Nilicheka mpaka kinyozi akageuka, halafu nikakumbuka maua ya mama, na kicheko kikanikauka mdomoni. Nikamkumbuka baba na jembe lake kule nje, jasho linamtoka, akitafuta bomba ambalo halikuwapo. Sikujua nimwonee huruma nani kwanza.

Alichotaka mdogo wangu kilikuwa hiki. Ukuta upakwe na baba, si na mtu mwingine, kwa mkono ule ule uliomfuta miaka yote. Baba asipokuja, plasta itabaki plasta, na yeye atakaa kando yake kutwa nzima akiwaeleza watu habari za kitu kisichoonekana. Nikamwambia si apake mwenyewe, chokaa ni chokaa. Akatikisa kichwa.

"Nikipaka mimi itakuwa picha tu. Nataka aone, dada. Mara moja tu aone."

Mimi si mtu wa kulialia. Lakini nilipotoka pale na kufika kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni la watu ndani nje.

Baba nilimkuta uani kwake, amekaa karibu na ngazi yake ya zamani. Ngazi yenyewe imelala chini, na kuku wameifanya kitanda. Hajaipanda tangu mama afariki. Mama ndiye aliyekuwa akimshikia, nyumbani na hata kwenye kazi za jirani. Anaacha chungu jikoni, anakwenda kusimama chini ya ngazi ya mumewe, mkono mmoja umeshika, mwingine umekinga macho chokaa isimdondokee. Alipoondoka, baba alifunga brashi kwenye fimbo ndefu, akawa anapaka akiwa chini. Sehemu isiyofikiwa na fimbo alimwambia mwenye nyumba atafute mtu mwingine.

Nilianza kwa kumvika kilemba cha ukoka. Nikamwambia watu wengi watakuja, na wote watataka kumwona baba wa mchoraji. Hakuvikika.

"Mwambie mdogo wako namtakia heri," akasema. "Mimi kuta nimezisafisha maisha yangu yote. Siwezi kwenda kuzishangilia zikichafuliwa."

"Ni siku moja tu, baba."

"Na magoti yananisumbua."

Magoti yake huwa yanamsumbua pale yeye anapotaka. Nikaaga.

Siku yenyewe ilipofika nilikwenda ukumbini mapema. Watu walikuwa wameshaanza kuingia, wanatembea polepole kama wanavyotembea wote mle ndani, wanaongea kwa sauti za chini bila kuambiwa. Kinyozi alikuwa ameketi anajibu maswali, amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Mdogo wangu naye alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini, mbele ya ukuta mtupu. Mama mmoja alisimama, akautazama ukuta, akamtazama yeye, akampa pole akapita. Nikageuka nikatoka nje, nikapiga moyo konde, nikaenda kumdanganya baba yangu mzazi.

Alikuwa anakula. Nikasimama mlangoni, sikuketi.

"Kuna ukuta kule ukumbini unakataa chokaa," nikasema. "Mafundi wameshindwa. Wanasema ni unyevu."

Akaacha kutafuna.

"Upande gani?"

"Nyuma ya oveni ya zamani."

"Nyuma ya oveni hakuwezi kuwa na unyevu. Pamepikwa miaka yote hiyo, utoke wapi? Wajinga hao." Akasukuma sahani. "Wamekwangua kwanza?"

"Sijui, baba."

"Hawajakwangua. Vijana hawakwangui siku hizi."

Magoti yote mawili yalikuwa yamepona. Alichota chokaa kwenye pipa lake, ile aliyoizima kwa maji zamani ikalala mpaka ikawa laini kama maziwa ya mgando, akaichuja kwa kipande cha shuka, akatia chumvi kidogo na bluu ya kufulia kidogo zaidi, akakoroga huku ananung'unika. Mimi nilibeba ndoo. Brashi hakunipa, hajawahi kumpa mtu.

Tulipoingia ukumbini, baba alisimama. Nadhani ni ule mwanga. Alitazama juu kwenye paa, kisha akatazama kuta zote kwa zamu, na nikamwona anavuta pumzi ya mikate isiyokuwapo. Mama Funguo alimkaribisha, wakajuliana hali kama watu waliozikiana mara nyingi. Kisha baba akafika mbele ya ukuta wa mwisho, akamkuta mwanawe.

"Na wewe kazi yako iko wapi?"

"Bado, baba."

"Bado saa hizi? Watu wameshafika."

"Inakuja."

Baba akaguna. Alipitisha kiganja kwenye plasta akakitazama. "Kumbe wamekwangua. Pakavu kabisa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Akainua macho, akaona ukuta ulivyo mrefu, akatafuta fimbo yake, na hapo ndipo tulipogundua kwamba tumeiacha nyumbani.

Mama Funguo alileta ngazi ya ukumbi. Baba aliitazama kwa muda. Aliangalia chini yake, mahali pa mtu wa kushika, na sote wawili, mimi na mdogo wangu, tulijua anaangalia nini. Nilitaka kusema basi, turudi. Mdogo wangu akainuka kwenye kiti chake, akaenda akaishika ngazi kwa mkono mmoja.

"Panda, baba. Nimeshika."

Akapanda.

Chokaa ikiwa mbichi haionekani. Ni maji tu yanayolowesha ukuta, na asiyejua anaweza kudhani fundi anamwibia. Weupe huja baadaye, inapokauka, na huja kwa wakati wake. Baba alianzia juu kushoto kama kawaida yake, brashi inakwenda na kurudi, na sauti yake ikaenea ule ukumbi mzima, shaa, shaa, mpaka watu wakaacha kuongea. Ndege wa muuguzi walikuwa wametulia. Nikahisi kope zinanielemea, si kwa uchovu. Nilikuwa tena mtoto chumbani, asubuhi ya likizo, baba anapaka nje ya dirisha na mama anamwambia ashuke anywe chai.

Katikati ya ukuta brashi ilisita. Baba aliipitisha tena pale pale, ikateleza. Mkono wa fundi unajua ukuta kama mimi ninavyojua kitambaa gizani. Akasimama juu ya ngazi, na mgongo wake ukabadilika kidogo. Kisha akaendelea. Akashuka ngazi, ikasogezwa, akapanda tena, mpaka akafika kona ya mwisho.

Wakati huo kona ya kwanza ilikuwa imeanza kukauka. Weupe ulianza kuingia kama ukungu, na ndani ya ule weupe kitu kikabaki bila kuingiliwa. Alitoka jogoo. Akatoka paka mwenye masharubu marefu mno, nikaikumbuka na siku niliyomwona amefutwa. Likatoka lori lenye magurudumu matano, kwa sababu mchoraji wake alikuwa bado hajajua kuhesabu vizuri. Vyote vilivyopotea chini ya brashi ya baba vilikuwa vinarudi kimoja kimoja, bila kelele. Mtu nyuma yangu alinong'ona jambo, mwingine akamnyamazisha. Baba hakuona kitu. Aliye juu ya ngazi huona kilicho mbele ya pua yake basi.

Kisha katikati pakakauka. Ilitoka ngazi. Juu yake mwanaume, amechorwa kwa nyuma, mgongo na mkono ulioinuliwa, uso hauonekani, maana ndivyo mtoto wake alivyomwona siku zote. Chini ya ngazi amesimama mwanamke. Mkono mmoja ameshika, mwingine amekinga macho. Kitambaa cha kichwa amekifunga fundo likiwa mbele, upande wa kushoto, na duniani nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akifunga hivyo. Mdogo wangu alikuwa ameshika ngazi ya baba hatua chache kutoka hapo, naye mkono wake mwingine ameukinga machoni kwa sababu ya matone. Hakujua anavyofanana naye. Mimi nililia, na wala sikutafuta leso.

Baba alishuka. Akarudi nyuma, kama afanyavyo kila fundi kukagua kazi, ndoo mkononi, chokaa bado imo ya mkono wa pili. Akainua macho.

Macho yake yalitoka kwa jogoo yakaenda kwa paka, yakaenda kwa lori, yakafika kwa yule mwanamke yakakwama hapo.

"Unyevu," akasema taratibu.

Akausogelea ukuta, akakwangua mstari mmoja kwa ukucha wa kidole gumba, pembezoni kabisa, akaunusa.

"Mshumaa."

"Ndiyo, baba," akasema mdogo wangu.

"Na kule nyumbani?"

"Na kule."

Baba akatazama ndoo yake. "Nikang'oa maua ya mama yenu."

Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. Mdogo wangu alikuwa bado ameshika ngazi isiyo na mtu.

"Mama alijua," akasema. "Mishumaa alikuwa ananipa yeye. Aliniambia nichore kwa hiyo, haifutiki. Nilitaka kusema, siku ya maua. Akanikataza. Alisema maua atapanda mengine."

Hilo hata mimi sikulijua. Nilimwona tena mama akilini, mzima, akisukuma lile kabati bila kinyongo, anaficha mchoro wa mwanawe na kosa la mumewe kwa mkono mmoja. Nikamkasirikia kidogo kwa kutuachia jambo zito namna ile. Nikamtamani pia, kuliko siku nyingi zilizopita.

Baba aliinama akachovya brashi.

Sijawahi kumwona baba akiacha ukuta na mkono mmoja. Kwake mkono mmoja ni kazi ya tapeli. Watu wakimdharau fundi mwingine kwa hilo mbele yake, yeye huwaunga mkono. Chokaa ilikuwa imo, brashi imelowa, na ukuta ulikuwa mbele yake umechorwa kutoka juu hadi chini. Mdogo wangu alimwangalia. Hakusogea kumzuia. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao utotoni, baba akirudi kazini na kuweka mfuko wake chini.

Baba aliinua brashi, akaiacha idondoke matone ndani ya ndoo. Kisha akamgeukia Mama Funguo.

"Bomba liko wapi hapa?"

Akaonyeshwa. Tukamsikia anafungua maji, anaiosha ile brashi kwa utaratibu wake wote, anaikamua, anaigonga kwenye ukingo wa sinki. Fundi akiosha brashi kazi imekwisha. Mdogo wangu aliachia ngazi, hata kiti chake hakukiona, akaketi chini sakafuni.

Baba aliporudi ndiye aliyekalia kile kiti. Magoti, akasema. Watu wakaanza kusogea tena, sauti zikarudi moja moja, mtu akafungua mlango na ndege wa muuguzi wakatikisika. Ukuta ulikuwa unaendelea kukauka na kuwa mweupe zaidi, na yule mwanamke chini ya ngazi alizidi kuonekana. Baba na mwanawe walikuwa wanamwangalia, mmoja kitini, mmoja sakafuni karibu na miguu yake. Baada ya muda baba aliushusha mkono akauweka juu ya kichwa cha yule mtu mzima mwenye ndevu, akauacha hapo.

Yule mama aliyetoa pole asubuhi akapita tena. Akamkuta mzee kwenye kiti, akadhani ndiye mwenye ukuta.

"Fundi," akasema, "naona hapa katikati chokaa imekataa."

"Kazi ni ya mwanangu," baba akamjibu. "Na huyo aliyeshika ngazi ni mke wangu."